Kovu la Shavu la Kulia

Askari wa mji aliingia karakanani bila kubisha hodi, akakung'uta theluji kwenye viatu vyake vya mti, kisha akauliza kama kuna bia. Jina lake Wolfert. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya mfereji. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Fundi Evert," alisema, "kazi hii ni yako, au nimekupa sifa za bure?"

Evert Reyersz aliinua macho. Alikuwa ameketi dirishani, nyuma ya fremu ya karatasi iliyopakwa mafuta, ambayo ilipunguza ukali wa mwanga ili shaba isimng'arie machoni. Aliikunjua karatasi, akaitazama, akacheka.

"Muuza sumu ya panya. Wolfert, umemkunja kama leso. Wenzako wanamtundika ukutani, wewe unamfutia pua?"

"Pua yangu ina hadhi yake. Jibu swali."

"Yangu. Soma hapo chini."

Wolfert hakuwa hodari wa kusoma. Hillegond, dada yake Evert, alimsomea kutoka pale alipokuwa, kwenye shinikizo la kuchapia, mikono yake ikiwa myeusi kwa wino hadi vifundoni. Hakuhitaji kuitazama karatasi. "Evert Reyersz alimchora akiwa ameketi mbele yake."

"Basi tumempata," alisema Wolfert, na sasa alikaa bila kukaribishwa. "Jana, lango la kaskazini. Kofia pana, mti begani, kovu shavuni. Mlinzi alishika karatasi hii mkono mmoja, na ukosi wa yule bwana mkono wa pili. Pacha kabisa!"

"Mti wenye panya waliotundikwa, kama wa pichani?" aliuliza Hillegond.

"Wenye mafagio. We dada nawe! Mtu ameua, bado atembee na panya wake ili tumjue?"

Mji mzima ulikuwa umezungumza jambo hilo kwa siku kumi. Mjane Aleid, mwenye kinu cha upepo nje ya ukuta, alikutwa ghalani amepasuliwa kichwa kwa shoka. Mjakazi wake alimwona mtu akikimbia juu ya tuta. Siku mbili baadaye mjakazi huyo alipelekwa kilabuni kwa Mama Baefje ili apewe kitu cha moto. Alipoinua uso akaiona karatasi ya Evert ukutani, akaangusha kopo na kupiga yowe kwamba ndiye. Tangu saa ile picha ya muuza sumu ya panya, iliyokuwa ikiuzwa kwa watu waliopenda kumcheka, ikawa kitu kingine. Mshtaki wa mji alinunua nakala kumi na kuzipeleka kwenye malango yote.

"Kovu liko upande gani?" Hillegond aliuliza.

"Upande gani tena? Kulia. Kama hapa." Wolfert aligonga karatasi kwa kidole. "Fundi, vaa kofia. Unahitajika ukumbini. Utainua vidole viwili mbele ya mahakimu, useme karatasi hii ni kweli tupu, kisha urudi kwenye makorokoro yako."

Hillegond aliacha kitambaa cha wino. "Evert. Ngoja kidogo."

"Nikirudi," alisema Evert, akiwa tayari mlangoni. Hakumtazama.

*

Sindano inapochora kwenye shaba, na shaba hiyo ikabanwa juu ya karatasi, kilichokuwa kushoto hutokea kulia. Kila mchapaji analijua hilo. Mafundi waangalifu husimamisha kioo na kumchora mtu kama anavyoonekana ndani yake, ili karatasi irudishe upande wa kweli. Evert alipenda kuwaambia wateja kwamba naye hufanya hivyo. Hakufanya hata siku moja. Alichora moja kwa moja juu ya nta nyeusi iliyofunika bamba, upesi, kabla mtu hajachoka kukaa, na ndiyo maana nyuso zake zilikuwa hai kuliko za mafundi waliomzidi umri. Maandishi tu ndiyo aliyoyaandika kinyume, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje kama mtoto, kwa sababu maandishi yaliyogeuka huonwa na kila mteja. Uso uliogeuka huonwa na mke wa mwenye uso peke yake, na Evert alikuwa na jibu la kumpa: kwamba miaka yote hiyo hakumtazama mumewe vizuri.

Hillegond alifungua kasha la mabamba, akatoa la muuza sumu ya panya. Jina la mtu yule lilikuwa Krelis. Alikuja majira ya kuchipua, akakaa asubuhi moja tu, akala mkate wao mweusi na nusu ya jibini, akawaambia jinsi lami ya moto ilivyomrukia shavuni alipokuwa akiziba mashua. Shavu la kushoto. Hillegond alilikumbuka kwa sababu lilikuwa upande wa dirisha, na mwanga uliliangukia likang'aa kama ganda la yai. Kwenye shaba lilikuwa kushoto bado. Kwenye karatasi mia mbili na zaidi, alizozibana yeye mwenyewe kwa mikono hii, lilikuwa kulia.

Evert alirudi adhuhuri, mashavu mekundu kwa baridi na furaha.

"Wamenipa kiti, Hille! Bwana Mshtaki amesema kamwe hajaona karatasi iliyofanya kazi ya askari wanne. Na wale wakuu wa nyumba ya yatima, wote wanane, wanataka nyuso zao zichorwe kabla ya Pasaka."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Krelis ana kovu kushoto, Evert."

Alivua kofia taratibu, akaitundika. "Umekumbuka vibaya."

"Bamba hili hapa mezani. Njoo ulikumbuke na wewe."

Hakwenda. Alimimina bia, akanywa akiwa amesimama. "Sawa. Kushoto. Kwani waliniuliza kushoto au kulia? Waliniuliza kama nilimchora mtu akiwa mbele yangu, nikasema ndiyo. Ni uongo?"

"Wamemkamata mtu mwenye kovu la kulia kwa sababu karatasi yako inasema kulia."

"Wamemkamata kwa sababu ni mwuaji."

"Nani kasema?"

"Hille, wee! Mahakimu saba wenye manyoya shingoni, na wewe mwenye wino kwenye pua. Nimsikilize nani?"

Alicheka peke yake. Hillegond alikuwa amemzidi miaka tisa. Alimlea tangu mama yao alipokufa, na alijua kicheko hicho tangu siku za mitungi iliyovunjika.

*

Asubuhi iliyofuata Hillegond alilifunga bamba kwa kitambaa, akalificha chini ya joho, akaenda ukumbi wa mji. Alingoja barazani mpaka miguu ikafa ganzi. Bwana Allert Vechter, mshtaki wa mji, alimpokea akiwa anakula, jibini upande mmoja wa meza na karatasi za kesi upande wa pili. Alikuwa mtu mwembamba mwenye adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyowatisha watu.

"Binti Reyer. Kaka yako ametufaa sana. Au umekuja kudai bia aliyoinywa Wolfert?"

"Bwana Mshtaki, nimekuja kwa sababu ya kovu."

Alilifungua bamba, akalisogeza mbele yake. Alieleza kwa sentensi fupi, kama anavyoeleza mtu aliyeirudia hotuba yake njia nzima. Bwana Allert aliinama, akatazama shaba, kisha karatasi, kisha shaba.

"Lakini maandishi yanasomeka," alisema. "Jina la kaka yako limekaa sawasawa. Kama jina halikugeuka, uso ugeuke kwa nini?"

"Jina aliliandika kinyume makusudi. Uso hakuushughulikia."

"Fundi anayejali jina lake kuliko uso wa mtu. Nisamehe, dada, sipati picha."

Hillegond aliona muhuri wa mji karibu na kidau cha wino. "Simba wa muhuri huo anatazama wapi, Bwana?"

Aliuinua. "Kushoto."

"Ubonyeze kwenye nta."

 Bwana Allert aliwasha mshumaa, akadondosha nta nyekundu kwenye kipande cha karatasi, akabonyeza. Simba alitokea akitazama kulia. Kwa miaka kumi na sita mtu huyo alikuwa amepiga muhuri ule kila siku, na Hillegond aliona usoni mwake kwamba hajawahi kulifikiri. Alisogeza sahani ya jibini kando.

"Na mjakazi wa marehemu," aliuliza Hillegond, "aliona kovu kwa macho yake, au aliliona kilabuni?"

"Aliona kofia na mti begani. Mtu alikuwa akikimbia."

"Kwa hiyo aliona mgongo."

 Bwana Allert alifuta kisu, akakirudisha alani. "Huyo muuza sumu mwingine, mwenye kovu la kushoto, analala wapi?"

"Sijui," alisema Hillegond. Alijua. Krelis alikuwa amewatajia ghala la binamu yake, na kijiji. Lakini mgongo alioona mjakazi haukuwa na kovu upande wowote, na hakuona sababu ya kumtoa mtu mmoja shimoni kwa kumtumbukiza mwingine.

"Basi sikiliza nilicho nacho mimi. Mtu huyu anaitwa Gosen. Ni mchuuzi wa mafagio, anatoka mashariki, hana mtu mjini. Jana alasiri alikiri."

"Alikiri kabla ya kufungwa mawe miguuni, au baada?"

"Baada. Na leo asubuhi amekiri tena bila kamba wala mawe, kama sheria inavyotaka."

"Akijua mawe yapo chumba cha pili."

"Yapo siku zote, dada. Hayahami." Alilifunika bamba kwa kitambaa chake, lakini hakulirudisha. "Hili litabaki hapa. Ijumaa, kabla hukumu haijasomwa, mahakimu huuliza mara moja kama kuna mwenye neno. Ukisimama, nitalitoa bamba, na nitamtoa simba huyu, na nitasema umesema kweli. Mimi si mnyama. Ila jua pia kitakachofuata. Kaka yako ameapa. Mwapaji wa uongo hukatwa vidole viwili alivyoviinua, papo hapo uwanjani, kabla watu hawajaenda kula. Mkono gani anashikia sindano?"

Hillegond aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nilidhani hivyo," alisema Bwana Allert. "Nenda nyumbani. Una siku tatu."

*

Siku ya pili yake Evert aliitwa gerezani. Mji ulitaka picha ya mwuaji iwe tayari siku ya kunyongwa kwake, kama ilivyo desturi, uso juu na makosa yake chini kwa maneno yanayoimbika. Kazi hiyo ilikuwa Evert apewe, nani mwingine? Hillegond alikwenda naye kwa sababu ndiye aliyemshikia karatasi nyeupe ya kurudishia mwanga kila alipochora mahali penye giza. Hakumwambia alikotoka jana. Naye Evert hakuuliza bamba limekwenda wapi. Alikuwa amebeba mfuko mkubwa kuliko siku zote.

Gosen aliketi juu ya benchi chini ya kidirisha. Alikuwa na miaka thelathini hivi. Mikono yake ilining'inia kama mikono ya koti lililotundikwa.

"Shika kofia magotini," alisema Evert.

"Niwekee wewe, fundi. Mikono hii haitoki ilipo tangu juzi. Imesahau kazi."

Wolfert, aliyekuwa mlangoni akitafuna, alicheka kidogo kisha akaacha. Hillegond alimwekea Gosen kofia magotini. Alipoinama aliliona kovu kwa karibu, mfano wa mwezi mchanga, kutoka jicho la kulia hadi taya. Halikufanana hata kidogo na alama ya lami. Lakini kwenye karatasi kovu ni mistari, na mistari haisemi ilichomwa au ilipasuliwa.

"Mbona unanitazama shavu tu, dada? Nina na shavu la pili, zima, sijalitumia."

"Ulilipataje?"

"Farasi. Nilikuwa na miaka sita. Kijiji chote kwetu kinajua, wanamjua hadi jina huyo farasi. Nimewaambia mabwana wakubwa. Wakasema farasi haapi." Aligeukia mlangoni. "Afande, hivi huyo niliyefanana naye nitamwona lini?"

Wolfert alichomoa karatasi iliyokunjwa, akamwinulia machoni. Gosen alimtazama muuza sumu ya panya kwa makini sana, kama mtu anayetafuta jirani yake kwenye umati.

"Kumbe ndiye huyu! Siku tatu nzima nasikia habari zake. Ana pua nzuri kunishinda. Na tajiri! Ana panya saba, mimi sina hata mmoja."

"Sasa ulikiri kwa nini?" Hillegond aliuliza. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Hille," alisema Evert.

"Waliniinua kwa kamba, wakasema nikisema ndiyo watanishusha," alijibu Gosen. "Nikasema ndiyo, wakanishusha. Jana asubuhi wakaniuliza kwa upole, bwana mmoja kanipa hata maji. Nikatazama kama kamba bado ipo. Ipo. Nikasema ndiyo."

 Evert alifungua mfuko wake. Alitoa bamba lenye nta, sindano tatu, na kitu kilichofunikwa kwa shuka. Alipokifunua, Hillegond aliona ni kioo, kipya, chenye fremu nyeusi, cha bei ambayo nyumba yao haikuwahi kuitoa kwa kitu kisicholiwa. Evert alikisimamisha mezani. Kisha alimpa Gosen ubavu, akaanza kuuchora uso uliokuwa ndani ya kioo.

Hillegond alishika karatasi yake nyeupe kwenye mwanga, akaelewa. Kama Evert angemchora mtu huyu kama alivyowachora watu wote maishani mwake, kovu la kulia lingetokea kushoto kwenye karatasi. Watu uwanjani wangeweka picha mbili bega kwa bega, ya muuza sumu na ya mchuuzi wa mafagio, na hata mlevi angeona makovu hayalingani. Kwa kioo, yangelingana. Evert alichora polepole. Kwa mara ya kwanza alichora kwa uangalifu wa fundi mkubwa, kila mstari mahali pake, na jasho lilimtoka puani ingawa maji kwenye ndoo ya gereza yaliganda.

"Karatasi hizi zinauzwa mpaka wapi?" aliuliza Gosen.

"Wachuuzi wanazipeleka wanakotaka," alisema Evert bila kugeuka.

"Zisifike Zwolle. Mama yangu huuza mayai sokoni pale. Mpaka sasa anadhani niko huku nauza mafagio."

"Hazitafika," alisema Hillegond. Hakuwa na namna yoyote ya kuzuia zisifike.

*

Alhamisi walilitia bamba kwenye tindikali, ili ile mistari ya sindano ichimbike shabani. Hiyo ilikuwa kazi ya Hillegond siku zote. Alimwaga tindikali, akakaa na unyoya mkononi kufagia mapovu yaliyoota juu ya mistari. Alijua kwamba akiacha robo saa zaidi uso ungeoza, macho yangekuwa mashimo, na hakungekuwa na picha ya kulinganisha. Evert naye alijua. Alisimama nyuma yake muda wote. Ulipofika wakati wa kulitoa bamba, mikono ya Hillegond ililitoa. Ilikuwa imefanya hivyo miaka kumi na minane, haikungoja kuulizwa.

"Kesho nitasimama," alisema akilisuuza.

Evert alikuja upande wa pili wa meza. Aliweka mkono wa kulia juu ya ubao, kiganja chini, kidole cha shahada na cha kati vimenyooshwa.

"Basi vitazame vizuri leo. Nashikia sindano hivi. Nakulia hivi. Ulijifunza wapi habari ya kwenda kwa Bwana Allert nyuma yangu? Alinieleza yote. Alinionea huruma, mtu yule, kuliko dada yangu."

"Yule kule hana kosa, Evert."

"Hata mimi! Nimeua nani? Nilichora uso. Kila mchoraji anachora hivyo, nusu ya Holland imetundika watu waliogeuka ukutani na hakuna aliyekufa." Sauti ilimkatika. "Hille, wanatumia patasi na nyundo ya mti. Nimewahi kuona. Mtu anakiangalia kidole chake kimelala pale kama si chake."

"Na huyu atalala wapi?"

"Sijui. Sijui! Unataka niseme nini? Ningejua nisingeapa. Nilikuwa nimefurahi, wamenipa kiti." Aliondoa mkono, akauficha kwapani kama mtu aliyeungua. "Ukisimama, simama. Lakini uje mwenyewe kunikatia nyama, na kunifunga vifungo, mpaka nife. Na unielezee tutakula nini."

 Hillegond alipika uji wa shayiri na maziwa, wakala. Evert alishika kijiko kwa vidole vile viwili na kidole gumba, na Hillegond, ambaye ndiye aliyemfundisha kushika kijiko, hakuweza kutazama mahali pengine.

*

Ijumaa kengele ya ukumbi ililia, na watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Hillegond alifika mapema, akapata nafasi mbele, karibu na kizuizi cha mti. Alikuwa amevaa joho lake la kanisani. Alikuwa amechagua maneno, nayo hayakuwa mengi: Mtu huyu siye, karatasi imegeuka, bamba analo Bwana Mshtaki. Evert alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

Gosen aliletwa. Mtu alikuwa amemchana nywele. Karani alisoma makosa, akasoma maungamo, akafika kwenye kiapo cha Evert Reyersz, mchoraji, mkazi wa mji huu, mtu mwenye sifa njema. Kisha hakimu mkubwa aliinua uso, akauliza kwa maneno ya zamani kama yuko mtu yeyote mwenye neno kabla neno la mwisho halijasemwa.

Bwana Allert aligeuka, akamtazama Hillegond. Kitambaa chenye bamba kilikuwa mbele yake mezani. Kwa hiyo alikileta, kama alivyoahidi. Hakimu alitaka kuendelea, lakini Bwana Allert aliinua kiganja kidogo, na hakimu akangoja. Walingoja muda mrefu kuliko desturi. Watu walianza kukohoa.

Hillegond alifungua mdomo. Ukatoka mvuke wa baridi. Alijaribu kumtazama Gosen, akaona kwamba Gosen hamtazami yeye; alikuwa akitazama theluji dirishani, kama mtu ambaye jambo linaloendelea linawahusu wengine. Kama angemgeukia, kama angemwomba, labda. Alifikiria hilo baadaye, na alijichukia kwa kulifikiria. Nyuma yake, kati ya watu mia mbili, alisikia kikohozi cha kaka yake, kikohozi kile kile cha utotoni ambacho alikijua hata usingizini.

Alifunga mdomo.

Bwana Allert alishusha kiganja. Akalisogeza bamba pembeni ya meza, na karani akasoma hukumu.

*

Walimnyonga Jumamosi saa nne, katika mwanga mweupe usio na kivuli. Hillegond hakwenda, lakini hakuwa na haja ya kwenda. Uwanja ulikuwa mtaa wa pili, na alisikia ngoma, kisha kimya, kisha sauti kubwa moja ya watu wengi. Alikuwa kwenye shinikizo. Tangu Ijumaa adhuhuri alikuwa amebana nakala mia na arobaini. Kila nakala alipaka wino, akaufuta kwa kitambaa, kisha akamalizia kwa kiganja, kwa maana kiganja ndicho kinachoacha mwanga shavuni na giza chini ya kofia. Mara mia na arobaini alimpangusa mtu yule uso.

Baada ya sala ya adhuhuri watu walikuja mlangoni kwa makundi. Walinunua zote mbili, ya muuza sumu na ya mnyongwa, wakaziweka pamoja hapo hapo barabarani. "Tazama kovu," mtu alimwambia mwenzake. "Tazama, kulia na kulia. Halafu waseme eti hakuna macho ya Mungu." Mwingine akasema pua ilibadilika kwa dhambi. Evert aliwahudumia, akapokea pongezi, akawashika watu mikono.

Umati ulipopungua alikuja msichana mmoja, mwembamba, mwenye kofia ya kijakazi na mikono iliyopasuka kwa magadi. Alisimama pembeni mpaka Evert alipoingia ndani kunywa. Kisha alimsogelea Hillegond.

"Wewe ndiye dada yake fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mimi Wendel. Wa kwenye kinu. Mjakazi wa marehemu." Aliangalia nyuma yake. "Nilikuwa uwanjani. Walinisimamisha mbele, eti nina haki. Alipopanda ngazi alinitazama. Dada, alinitazama kama hanijui."

Hillegond aliweka chini kitambaa cha wino.

"Wewe ulimwona mwanzo, siyo? Alipokuja kuchorwa. Ulikaa naye chumba kimoja." Maneno yalimtoka haraka sasa. "Mimi siku ile niliona mgongo, na kofia. Nikasema ndiye kwa sababu, sijui, ilikuwa kofia ile ile, na wote wakanishangilia, wakanipa brandi. Tangu jana silali. Nataka mtu mmoja tu aniambie. Ndiye? Wa kwenye karatasi, na huyu wa leo, ni mtu mmoja?"

Alikuwa na miaka kumi na saba labda. Macho yake yalikuwa yamevimba, na alikuwa ameifumbata sarafu moja ya stuiver kiganjani kwa nguvu kama mtu aliyekuja kununua dawa.

Ndani, Evert aliita, "Hille! Karatasi zilizoloweshwa za kuchapia zimebaki ngapi?"

"Ishirini," aliitikia Hillegond. Alichukua nakala moja, akaipuliza wino, akaiweka mikononi mwa msichana.

"Ndiye," alisema.